Wakili wa Mtaani: "Nani kawapa namba yangu?"

Mwezi huu mmeniandikia simu tupu. Nilishazoea barua za viwanja na mirathi, sasa hivi ni meseji, matangazo, laini na paswedi. Nimechagua saba, zilizobaki zinafanana nazo. Majina nimeyaondoa kama kawaida yetu.

Habari dada wakili. Mimi ni mama lishe hapa Tabata, oda zangu zote zinakuja kwa simu kwa hiyo siwezi kuizima hata usiku. Shida ni meseji. Saa kumi na moja alfajiri simu inalia nakurupuka nikidhani mteja, kumbe "Hongera! Umechaguliwa, cheza sasa ushinde", mara mkopo wa haraka, mara nyimbo za kuitikia simu, mara kiwanja Bagamoyo. Hawa watu sijawahi kuwapa namba. Nimesikia kuna sheria ya mitandao, naweza kuwafunga?

Pole mama. Unayoisema ni Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, ilianza kutumika tarehe 1 Septemba mwaka huohuo, na kweli kifungu cha 20 kinataja kabisa meseji ambazo mpokeaji hakuziomba. Adhabu yake sio ya kitoto, faini isiyopungua milioni 3 au mara tatu ya faida aliyovuna mtumaji, ile iliyo kubwa, au jela isiyopungua mwaka mmoja, au vyote viwili. Ukisoma hapo unasema basi nimewapata. Ila rudi mwanzo wa kifungu, kuna maneno machache wengi wanayaruka, kwamba mtu awe ametuma meseji hiyo akiwa na nia ya kutenda kosa chini ya sheria hiyo. Kwa hiyo kero peke yake haimpeleki mtu jela. Yule anayekutumia "ile hela itume kwenye namba hii, jina litakuja la fulani" huyo ndio wa kifungu cha 20, na cha 12 pia kinachohusu udanganyifu kwa kompyuta, ambacho faini yake inaanzia milioni 20 na jela inaanzia miaka saba. Meseji yake usimjibu, ipeleke kwenda 15040, ndio namba ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ya kuripoti utapeli.

Muuza kiwanja wa Bagamoyo, kama kiwanja kipo kweli, sio tapeli. Ni msumbufu. Na msumbufu ana sheria yake, ya Miamala ya Kielektroniki, nayo ya 2015, kifungu cha 32. Hii watu hawaijui na mimi naona ndio yenye meno kwa mtu kama wewe. Inasema hakuna kumtumia mtu tangazo la biashara ambalo hakuliomba mpaka awe amekubali, tena meseji ijitambulishe mwanzoni kabisa ni ya nani na inataka nini, na impe mpokeaji njia ya kusema sitaki tena. Hebu shika simu yako sasa hivi ufungue hiyo ya saa kumi na moja. Ina jina la kampuni au ina neno moja tu ambalo hata hulielewi, "OFA" au "BAHATI"? Ina sehemu ya kujitoa? Nyingi ninazoletewa ofisini hazina.

Sasa mtego uko hapa. Sheria hiyohiyo inahesabu kwamba umekubali kama namba yako waliipata mkiwa mnauziana kitu au mnazungumzia bei, wanakutangazia bidhaa zinazofanana na hiyo, walikupa nafasi ya kukataa hukukataa, na kila meseji inayofuata ina mlango wa kutokea. Kwa hiyo duka la vyombo ulikonunua masufuria likikutumia ofa ya masufuria na njia ya kujitoa ipo, hapo huna kesi. Likikutumia mkopo, ile ni bidhaa nyingine, kesi ipo. Kumbuka na lile daftari la mlangoni unapoandika jina na namba kabla ya kuingia jengo la watu, na zile karatasi za "jaza ushinde friji" sokoni. Namba nyingi zinatokea huko, halafu mtu anasema sijawahi kumpa mtu.

Umeuliza pia kuhusu mtandao wa simu wenyewe (barua yako ilikuwa ndefu nimeikata). Kama wamebeba tu meseji ya mtu mwingine, hawakuianzisha, hawakuchagua nani aipokee wala hawakuibadilisha, Sheria ya Makosa ya Mtandao inawakinga, na haiwapi kazi ya kuchungulia kila kinachopita kwao. Ila zile za nyimbo za kuitikia simu wanaandika wao na kukuchagua wewe wao. Hapo sio mpita njia tena, ni mtumaji kama muuza kiwanja.

Cha kufanya, usifute hata moja. Jitoe kwa neno wanaloelekeza, wakiendelea waandikie, na barua yako iwe na tarehe. Wakikaa kimya peleka lalamiko Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, ipo chini ya sheria ya 2022 iliyoanza kutumika Mei 2023, na Rais Samia aliizindua Aprili 2024. Sheria hiyo inakupa haki ya kumwambia mtu yeyote aache kutumia taarifa zako kukutangazia biashara. Huna haja ya kuthibitisha hasara. Inatosha kwamba umesema sitaki.

Dada wakili, nina duka la nguo Mwanza, biashara imelala. Kuna kijana kaniletea dili, ana namba elfu kumi za watu wa hapa mjini, na za wapangaji wa hosteli na wateja wa saluni kadhaa zimo, anauza kwenye flashi. Yeye mwenyewe atanitumia meseji kwa kampuni anayoijua, jina la duka langu litokee juu badala ya namba. Anasema kosa likiwepo ni lake sio langu. Nilipe?

Usilipe. Na hiyo flashi usiichomeke hata kwenye kompyuta ya duka.

Kijana anakudanganya kwenye sentensi ya mwisho. Kwa lugha ya sheria yetu ya taarifa binafsi, anayeamua namba zitumike kwa kazi gani anaitwa mkusanyaji, anayefanya kazi kwa niaba yake ni mchakataji. Hapo mkusanyaji ni wewe bwana. Wewe ndio umeamua meseji ziende, jina la duka lako ndio liko juu, na gauni ni lako. Kijana na ile kampuni ya kutuma wana mzigo wao pia, ila kwamba wao wanao haimaanishi wewe huna. Watu wanadhani dhambi ni kama kiti cha daladala, akikaa mmoja mwingine anasimama, kumbe hapa wote mnakaa.

Halafu ujiulize hizo namba za hosteli zilitokaje. Mtu alizitoa ofisini kwake bila ruhusa akaziuza, na kutoa taarifa za watu kinyume na sheria ni kosa, kwa mtu binafsi faini inatoka shilingi 100,000 mpaka milioni 20 au jela mpaka miaka 10, kwa kampuni inafika bilioni 5. Wewe unataka kuwa mnunuzi wa mwisho wa mali ya aina hiyo?

Wateja ulio nao wanatosha kuanzia. Weka daftari kaunta, aandike jina na namba anayetaka kuambiwa mzigo mpya ukifika, na juu ya ukurasa iandikwe wazi namba ni za nini. Watakuwa mia mbili badala ya elfu kumi, lakini ni watu wanaopenda nguo zako. Na kama unaweka taarifa za wateja namna hiyo, jisajili Tume, sheria inataka hivyo hata kwa biashara.

Wakili, hujambo. Niko Mombasa, Kisauni. Binamu yangu alikopa kwa apu ya simu akashindwa kulipa. Mimi sikukopa, sikuweka sahihi mahali, lakini wananipigia mimi kutwa, wakanitumia meseji eti nimwambie huyo mwizi alipe ama watanianika na mimi. Wamempigia mpaka mdosi wangu kazini. Walitoa wapi namba zetu? Nifanye nini kabla nipoteze kazi?

Sijambo, pole sana kaka. Namba walizitoa kwenye simu ya binamu yako. Alipopakua ile apu ilimuuliza kama inaweza kusoma orodha ya majina, akabonyeza kubali kwa sababu alikuwa na shida ya pesa, na hapo wewe na mdosi wako na fundi wa mabomba wote mkaingia kwenye kompyuta ya mtu. Binamu anaweza kukubali kwa niaba yake. Kwa niaba yako hawezi, na kesi yako inasimama hapo.

Kenya mko mbele yetu kidogo kwa hili, lazima nikiri. Sheria yenu ya Ulinzi wa Data ni ya 2019 na Kamishna wa kwanza, Immaculate Kassait, hajakaa bure. Septemba 2023 ofisi yake iliipiga kampuni ya Mulla Pride, wenye apu za KeCredit na Faircash, faini ya shilingi 2,975,000 za Kenya kwa kutumia majina na namba za watu walizopata kwa wengine kuwatumia meseji za vitisho na kuwapigia simu. Ni shida yako hiyohiyo, sivyo? Siku hizohizo klabu moja ya Nairobi ilitozwa 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila ruhusa yake, na shule moja ya Uthiru 4,550,000 kwa picha za watoto bila kibali cha wazazi. Kwa hiyo sio sheria ya kuning'inizwa ukutani.

Lalamika kwa Kamishna, unajaza fomu kwenye tovuti yao, huhitaji wakili, na sheria inataka lalamiko lichunguzwe na kumalizwa ndani ya siku 90. Ambatanisha picha za meseji, orodha ya simu walizopiga na saa zake, na mdosi wako akikubali kuandika mistari miwili kwamba alipigiwa, hiyo ni dhahabu. Tena kanuni za Benki Kuu ya Kenya za 2022 kwa wakopeshaji wa kidijitali zinakataza kuwasumbua watu walio kwenye simu ya mkopaji. Angalia kama hiyo apu ina leseni ya Benki Kuu. Kama haina, andika na hilo.

Yale maneno ya "tutakuanika" yanaweza pia kuwa usumbufu wa mtandaoni, kifungu cha 27 cha Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Makosa ya Mtandao ya 2018, adhabu mpaka shilingi milioni 20 au miaka 10. Hiyo ni kazi ya polisi wa upelelezi, DCI, sio ya Kamishna, na unaweza kwenda kote kuwili. Deni la binamu liko palepale lakini. Mkopeshaji akifanya makosa deni halifutiki, mwambie asijidanganye.

Nimepakua apu ya tochi, sasa kila nikifungua simu tangazo linafunika kioo kizima, kile kialama cha kufunga ni kidogo kama chawa, nikikosea kukigusa napelekwa kwenye ukurasa wa kubeti. Bando linaisha. Nimshtaki nani?

Huyu ni mwanafunzi, Dodoma. Mdogo wangu, ukweli ni kwamba wengi wa hawa huwezi kuwapata, mwenye apu yuko nchi nyingine na jina aliloandika huenda sio lake. Na ulibonyeza kubali, kwa hiyo atasema aliingia kwa ruhusa. Tochi tayari iko kwenye simu yako, imekuja nayo kutoka kiwandani. Iondoe hiyo apu, kisha ingia kwenye mipangilio uangalie uliipa ruhusa gani, maana tochi inayoomba majina ya watu na kusoma meseji sio tochi. Kama ilikata hela kwenye salio bila wewe kujiunga, hapo kuna cha kudai, anza na mtandao wako wa simu kwa maandishi, wakikuzungusha nenda TCRA.

Mke wangu anajua paswedi yangu ya zamani, juzi nimekuta WhatsApp yangu imeunganishwa kwenye laptop yake ya kazini na imekaa hivyo wiki nzima anasoma tu. Nikamwambia hilo ni kosa la jinai akacheka, akasema ndoa haina paswedi. Tumekubaliana tukuulize wewe. (Moshi)

Mmeniingiza kwenye nyumba yenu sasa.

Shemeji, kisheria mumeo yuko sahihi. Kifungu cha 4 cha Sheria yetu ya Makosa ya Mtandao kinakataza kuingia kwa makusudi na bila haki kwenye mfumo wa kompyuta, simu ni mfumo wa kompyuta, na sheria haikumtaja mume wala mke kama mtu wa pekee. Adhabu inaanzia milioni 3 au mwaka mmoja jela. Hata kama siku ya kwanza alikuruhusu utumie simu yake uagize gesi, cha 5 kinahusu kubaki ndani baada ya ruhusa kuisha, na ile wiki nzima ya kusoma ndio kubaki kwenyewe. Wewe bwana nawe usiende polisi na hili. Nimeona kesi za hivi zinavyoishia, meseji zote zinasomwa mbele ya karani, askari na mashahidi, na mara nyingi aliyelalamika ndiye anayetoka pale ameinamisha kichwa. Toa hiyo laptop kwenye orodha ya vifaa vilivyounganishwa, badilisha paswedi, mengine yamalizeni mezani.

Naendesha bodaboda Morogoro. Nimeitwa polisi, kuna mtu katapeliwa laki nane na laini iliyopokea imesajiliwa kwa kitambulisho changu. Namba yenyewe siijui, sijawahi kuishika. Nakumbuka mwaka jana nilisajili laini kwa vijana wenye mwamvuli, yule dada akaniambia bonyeza tena kidole, bonyeza tena, mtandao unasumbua. Nitafungwa kweli?

Nenda polisi, usikimbie. Ukikimbia ndio unaanza kufanana na mhalifu.

Kwanza kabla hujaenda piga *106# uone laini zote zilizosajiliwa kwa namba yako ya NIDA. Usiyoitambua nenda duka la mtandao husika, duka lenyewe la kampuni sio mwamvuli, ukaikane kwa maandishi na ubaki na nakala. Mngepiga hiyo namba wote leo usiku mngeshangaa.

Kuhusu jela, kosa la udanganyifu linahitaji nia. Mwendesha mashtaka anapaswa kuonyesha wewe ulijua na ulishiriki, na jina kwenye usajili ni mwanzo wa upelelezi, sio mwisho wake. Wana njia za kujua laini ilikuwa kwenye simu gani, ilikuwa ikishika mnara wa wapi wakati wewe uko kijiweni Msamvu na abiria wanakuona, na hela ilitolewa kwa wakala gani. Waombe wafuate hayo, na wape jina la eneo la ule mwamvuli na mwezi uliosajili, maana laini inasajiliwa kwa akaunti ya wakala na akaunti hiyo ina mwenyewe. Ule mchezo wa "bonyeza tena" ndio unaotoa laini ya pili bila wewe kujua, kidole cha kwanza chako, cha pili cha tapeli. Yule dada akithibitika anakabiliwa na kifungu cha 15 cha sheria hiyohiyo ya Makosa ya Mtandao, cha kujifanya mtu mwingine, na yule aliyekula laki nane na cha 12 juu yake.

Ila uniambie ukweli kama wakili wako: hukumpa mtu laini yako "aitumie siku mbili tu" kwa elfu tano? Maana wako wanaofanya hivyo pale stendi, na hao utetezi wao ni mwembamba sana. Maelezo yako polisi usiyasaini kabla hujasomewa ukaelewa, na una haki ya kuwa na wakili au ndugu wakati unaandika.

Nimepata barua pepe kwamba nimeshinda grini kadi ya Marekani, wanataka dola 400 za kufungua faili, nitume kwa mtu aliyeko nchi jirani. Nilicheza kweli ile bahati nasibu mwaka jana. Je ni halali? (Ujiji)

Sio halali. Serikali ya Marekani haimwandikii mshindi barua pepe kumwambia ameshinda, na ada ya viza inalipwa ubalozini siku ya usaili, haitumwi kwa mtu. Wao wanajua watu wengi wa huku wanacheza, wanatuma kwa kila mtu, aliyecheza anaamini.

Kuna kichekesho kidogo hapa kinachotuhusu sisi mawakili. Tangazo la kero lililotia mtandao doa kwa mara ya kwanza kwa kiwango kikubwa lilikuwa la hiihii grini kadi, Aprili 1994, na waliolituma kwenye maelfu ya makundi ya mijadala ni mawakili wawili mke na mume wa Arizona, Laurence Canter na Martha Siegel. Hawakuwa na sheria ya kuwafunga wakati ule. Kilichompata Canter ni kwamba mwaka 1997 mahakama ya juu ya Tennessee ilimfuta uwakili, na matangazo yale yalikuwa sehemu ya sababu. Marekani ilikuja kupata sheria ya nchi nzima Desemba 2003, na mpaka leo sheria ile inaruhusu kumtumia mtu tangazo bila kumuuliza kwanza, mradi akisema sitaki uache. Yetu inataka umuulize kwanza. Kwa maandishi tumewazidi, shida ni kuitekeleza.

Huyo wa dola 400 kumkamata ni kazi, yuko nchi nyingine, jina bandia, na sheria yetu ikimfikia kwenye karatasi bado polisi wa kule lazima wakubali kusaidia. Kwa hiyo kinga yako ni kutokutuma. Kama kweli ulicheza, matokeo unayaangalia mwenyewe kwenye dvprogram.state.gov kwa namba ya uthibitisho uliyopewa siku ya kujaza fomu. Kama namba hiyo huna kwa sababu aliyekujazia ni kijana wa intaneti kafe na akaibakiza kwake, rudi umdai akupe, ni yako.